Bei ya Dirisha

Bwana Shekuwe alikuja asubuhi, hakuvua viatu.
Alisimama mlangoni akasema kuanzia Januari
chumba ni elfu kumi na moja na mia tano.
Nikamwuliza kimeongezeka nini. Ukuta ni uleule,
choo ni kilekile cha watu sita,
na bomba bado linakohoa chumvi.
Akanyoosha kidole juu ya bega langu:
"Dirisha, mama. Dirisha linatazama bahari."

Kweli, linatazama.
Si bahari yote; kipande tu, upana wa leso iliyokunjwa,
kati ya tangi la jirani na nyaya za umeme.
Lakini upepo hauhitaji mandhari.
Hapa Shela ya Malindi unaingia saa nne za usiku
kama mtu mwenye ufunguo wake,
unafunua kurasa za daftari langu,
unampapasa Wakesho kifuani,
naye analala kimya.

Kimya. Nani atanielewa nikisema
nililipa nauli kutoka Wundanyi kuja kununua kimya?
Kule kwetu, Julai, ukungu hushuka hadi kwenye vyungu.
Kifua cha mwanangu kilipiga filimbi usiku kucha,
nami nimemkalisha wima mapajani,
nahesabu pumzi kama mtu ahesabuye noti za mkopo.
Kukicha kulikuwa na maziwa, ndizi, kuni, mboga,
na hakuna hata kimoja nilichokinunua.
Dada yangu Mkamburi hupiga simu kila Jumapili:
"Nyumba ya mama i tupu. Rudi. Huku mtu hanunui sukuma."
Nami nanunua sukuma, shilingi ishirini kifungu,
majani saba. Nimeyahesabu.

Jumamosi nilikwenda Muyeye kutazama chumba.
Elfu tano na mia tano. Bati bila dari,
dirisha moja, linatazama ukuta.
Saa nane mchana nilisimama ndani dakika kumi, makusudi,
kama anayejaribu kiatu.
Jasho lilifika kwenye nyusi, likapita.
Kadzo wa chumba cha pili akacheka:
"Utazoea. Sisi tunalala uani hadi mvua itufukuze."

Nikafungua daftari.
Kodi ya Muyeye, elfu tano na mia tano.
Tokeni za feni, elfu moja na mia mbili, umeme usipokatika.
Bodaboda ya kwenda kazini, elfu moja na mia sita.
Jumla, elfu nane na mia tatu.
Nikatoa. Nikatoa tena kwa kalamu nyekundu.
Elfu tatu na mia mbili:
kumbe hiyo ndiyo bei ya upepo kwa mwezi,
kwa watu wawili, mmoja wao ana miaka sita.

Na kazi yangu? Nashona mapazia.
Mapazia mazito ya nyumba za wageni kule Casuarina,
kitambaa juu ya kitambaa, jua lisipenye.
Nyumba zina madirisha marefu kuliko milango yetu,
yote bahari tupu,
na yote yamefungwa, kiyoyozi kinanguruma.
Juzi nilikuwa napima moja, mita nne.
Nikalisukuma kidogo tu, upana wa kiganja.
Mlinzi akaja mbio: "Funga, baridi inatoka!"

Baridi inatoka. Nilicheka njia nzima.
Wundanyi tulikuwa nayo bure, tukaikimbia.

Ukurasa wa mwisho wa daftari sijauonyesha mtu.
Nimechora vijiti, kimoja kwa kila usiku usio na filimbi.
Vimefika themanini na tatu,
na sijui viingie safu gani:
ya mapato, au ya madeni.

Nimemwandikia Bwana Shekuwe:
elfu kumi, na nitakushonea pazia la sebule bila malipo.
Ameusoma ujumbe. Hajajibu.
Wakesho amelala, mkono mmoja nje ya neti.
Dirisha nimeliacha wazi, pande zote mbili.
Mpaka tarehe thelathini na moja
limelipiwa.